Kifua cha Mtu Mwingine

Tangazo. Wasomaji wote waketi wima, wenye kutafuna wameze, wenye kofia wazivue. Katika sura hii Hatima yenyewe, ile inayopanga nyota na kuangusha falme, inashuka duniani kwa heshima zake zote kuja kuunganisha mioyo miwili.

Ilishuka siku ya Ijumaa, saa tatu kasorobo asubuhi, kwenye ujia wa ghorofa ya pili ya chuo cha mji, mlango wa tatu baada ya choo. Ilikuta benchi lenye mguu mmoja mfupi, waombaji kumi na wanane wenye mafaili mapajani, na harufu ya dawa ya kupigia deki. Upande wa ule mguu mfupi alikaa binti wa miaka kumi na tisa aitwaye Kengele.

Jina hilo alilipata shule ya bweni, siku alipogonga kengele ya chakula cha mchana saa nne na robo asubuhi. Shule nzima ilikwenda bwaloni na sahani mkononi. Mwalimu mkuu alikuwa wa pili kwenye foleni. Kengele alifyeka nyasi wiki mbili na hakujuta, isipokuwa kidogo, siku ya tisa.

Asubuhi hii hakuwa na mzaha. Ukutani, nyuma ya kioo chenye ufa, yalibandikwa masharti ya kujiunga na stashahada ya uuguzi, na alikuwa ameshayasoma mara sita. Ufaulu wa biolojia, kemia na hesabu. Vyeti halisi pamoja na kopi mbili za kila kimoja. Kadi ya chanjo ya homa ya ini, dozi zote tatu. Picha ya eksirei ya kifua isiyozidi miezi mitatu. Picha ndogo nne zenye mandhari ya bluu. Fomu iliyojazwa kwa wino bila kufutwafutwa. Chini kabisa, kwa maandishi mekundu: faili lenye upungufu halitapokelewa. Siku ya mwisho ilikuwa leo, mlango ungefungwa saa tisa, nafasi zilikuwa arobaini na waombaji mia sita.

Kengele alikuwa na kila kitu, maana faili lake lililindwa na mama yake, mkunga wa miaka ishirini na miwili kazini, mwanamke anayebana karatasi kwa pini kama anayefunga kitovu cha mtoto. Hata fomu aliijaza mama. Penye swali la mwisho, "Kwa nini unataka kuwa muuguzi?", mama aliandika kwa mwandiko wake wa kulala: Kwa sababu ya wito. Kengele alikuwa ameutafuta wito huo wiki tatu. Aliutafuta kitandani, bafuni, na mara moja ndani ya kabati la nguo. Kilichopatikana ni soksi.

Simu ikalia.

"Mwanangu, umefika?"

"Nimefika, mama."

"Umekaa na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Watu wenye mafaili."

"Yule mshonaji yupo?"

"Sijui, mama. Sijaangalia."

Mshonaji alikuwa amekaa kushoto kwake, bega kwa bega, kwa sababu benchi lililala upande wa Kengele na watu wote walikuwa wakiteremkia kwake polepole kama sabuni.

"Nakwambia mapema," sauti ya mama ikasema, na mama ni mtu aliyezoea kuongea na wanawake wanaopiga kelele, hivyo ujia mzima ulisikia. "Sketi mbili kupunguzwa kwa mwezi mmoja, mwanangu. Mimi nimezalisha miaka ishirini na miwili. Najua mambo yanavyoanza. Umekwenda kusoma, hukwenda kupimwa kiuno."

Kengele akakata simu, akasafisha kioo cha simu kwa mkono wa blauzi kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Hapa ni lazima tuseme, kwa haki ya binti, kwamba zile sketi zilikuwa zinampwaya kweli. Alikonda kwa ajili ya mitihani. Ilikuwa lazima zipunguzwe, na duka la karibu lilikuwa la ndugu wawili washonaji, na mdogo wao ndiye aliyekuwa zamu. Nani wa kulaumiwa?

Mdogo huyo ndiye huyu wa kushoto. Watu wote walimwita Fundi, hata waliokuwa hawana nguo ya kushona. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, vidole virefu vilivyotulia, na leo alikuwa amesahau kuvua utepe wa kupimia, ukamning'inia shingoni kama kipimo cha daktari.

"Mama yako ana sauti nzuri," alisema.

"Samahani."

"Mimi nimesikia mabaya zaidi. Kaka yangu asubuhi ameniuliza, unashona gauni za manesi miaka minne, unataka nini zaidi, kuivaa?"

Kengele alicheka, kisha akaona Fundi hacheki, akajifanya amekohoa.

"Amesema kama ni leo, iwe leo," Fundi akaendelea, akiongea na faili lake. "Nikikosa, narudi kwenye cherehani na habari ya uuguzi isisikike tena pale nyumbani. Mashine mpya ya vifungo ameshaileta. Ameiweka mezani kwangu, imefunikwa kitambaa."

"Na wewe kwa nini unautaka huu uuguzi?"

Aliuliza kama anayechungulia daftari la mwenzake kwenye mtihani.

Fundi alifikiri. "Mwanafunzi anakuja mwaka wa kwanza, namshonea sare yenye mfuko mmoja. Mwaka wa pili anarudi, anasema Fundi niongezee mfuko, wa mkasi. Mwaka wa tatu anataka wa saa, hapa kifuani, kwa sababu sasa anahesabu mapigo ya moyo ya watu. Naona mtu anakua kwa mifuko. Mimi niko palepale, nafungua mifuko ya wengine." Akamgeukia. "Nimesema vibaya?"

"Hapana."

"Umenikodolea macho, dada."

Dada. Hilo neno ndilo lililokuwa likimtesa Kengele kuliko kemia. Mtu anaweza kukuita dada akikuuzia sindano. Anaweza kukuita dada akikukanyaga. Walikutana mara ya kwanza kwenye foleni ya chanjo ya homa ya ini, dozi ya kwanza, akamwita dada mara nne. Dozi ya pili, mwezi mmoja baadaye, mara mbili. Dozi ya tatu, baada ya miezi mitano ambayo Kengele aliihesabu kama mfungwa, mara moja tu, kisha akasema, "Wewe huogopi sindano." Alikwenda nyumbani na lile "wewe" kama mtu aliyebeba yai. Je, yalikuwa maendeleo, au alichoka tu kusema dada? Na sasa dada imerudi. Maana yake nini? Kengele hakujua. Hakujua kama Fundi anampenda au ana adabu tu. Hakujua kama yeye mwenyewe anataka kuwa muuguzi au anataka tu kukaa popote atakapokaa mtu huyu. Vitu hivyo viwili vilikuwa vimesukana kichwani mwake na hakupata ncha ya kufumulia.

Mlango wa ofisi ukasikika ukigonga mhuri. Ndivyo ulivyosikika kutoka nje: mhuri ukigonga meza, du, na mwombaji mmoja ameisha. Kijana aliyerudi kuchukua mwavuli wake aliosahau aliwapa habari za ndani.

"Hawana shida. Ile eksirei hata hawaitoi. Wanaangalia tarehe juu ya bahasha, wanagonga mhuri, wanakurudishia uende nayo nyumbani mpaka siku ya kuripoti. Ila ukimaliza unatokea mlango wa nyuma, kwa ngazi za nyuma. Mimi wamenikaripia kurudi huku."

Kengele akauangalia mlango ule. Mtu anaingia huku, anatokea kule, na hutamwona tena mpaka majina yatoke, kama yatatoka, na kama lako litakuwemo.

"Hee," Fundi akasema, akipekua faili. "Kopi ya kadi ya chanjo ninayo moja tu. Wanataka mbili. Nakimbia hapo chini kwa mwenye mashine. Dada, nishikie bahasha yangu."

Akaondoka, utepe ukipepea mabegani.

Ndipo Hatima ilipofanya kazi yake. Juu ya ujia, feni ya dari iliyokuwa imenyamaza tangu asubuhi ilishtuka, ikaguna, ikaanza kuzunguka kwa kishindo. Upepo ukashuka. Bahasha mbili kubwa za kaki, zote za hospitali moja, zenye rangi moja na ukubwa mmoja, ziliruka kutoka mapajani kwa Kengele na kutema picha zao sakafuni. Maskini binti. Alizikusanya kwa haraka, akazirudisha kila moja mahali alipodhani pake. Nani anaweza kutofautisha kifua na kifua kwenye plastiki nyeusi? Feni ikasimama. Hatima ikapiga mwayo, ikaondoka zake.

Fundi akarudi akihema, akachukua bahasha, akasema asante dada, na papo hapo akaitwa.

Kengele alisubiri mlio wa mhuri. Haukuja. Zikapita dakika tano, zikapita kumi. Mama mmoja aliyemsindikiza mwanawe alisema, "Huyu wanamhoji kama mwizi." Mlango ukafunguliwa, na mama wa udahili akatoa kichwa. Alikuwa na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine nyweleni. Akataja jina la Kengele, lile la kwenye cheti, jina zima na la babu.

"Ingia. Na faili lako."

Ndani, Fundi alisimama kando ya kabati, mikono nyuma. Dirishani, kwenye mwanga, ilibandikwa picha nyeusi yenye mbavu nyeupe.

"Huyo ni nani?" mama wa udahili akauliza.

Kengele akatazama. Pembeni, kwa herufi ndogo nyeupe, lilikuwepo jina lake.

"Ni mimi."

"Ni wewe. Kijana huyu ameniletea kifua chako." Akaketi. "Kwa kawaida siifungui bahasha. Leo nimeifungua kwa sababu kijana ameniambia shikamoo vizuri, nikataka kumwonyesha alivyo mzima. Mnajua ninachokifikiria?"

Hawakujua.

"Kila mwaka napata wanne, watano. Mtu ana doa kwenye mapafu, anaogopa, anaazima picha ya mwenzake aliye safi. Anaingia. Tunampeleka wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, anawakoholea. Siwezi kulichukulia hilo kama utani. Kanuni inasema mwenye kuleta picha ya mtu mwingine anafungiwa miaka mitatu."

Kengele alimwangalia Fundi. Fundi alikuwa akiangalia viatu vyake, na uso wake ulikuwa kama chumba kilichozimwa taa.

"Nilidhani pengine ni bahati mbaya, hamjuani," mama wa udahili akaendelea, akafungua fomu ya Fundi. "Kisha nikafika hapa. Mtu wa karibu wa kuarifiwa wakati wa dharura: jina lako, binti. Namba ya simu: bila shaka ni yako. Uhusiano." Akashusha miwani ya nyweleni, akapandisha ya machoni, akasogeza karatasi. "Uhusiano, ameandika: bado."

Nje, mtu alikuwa akiburuta benchi.

"Bado nini?" Kengele akauliza.

"Kaka alikataa kuandikwa," Fundi akasema polepole. "Fomu ilitaka mtu. Nikafikiri nikianguka mahali, nikivunjika, ningependa nani apigiwe simu. Nikaandika. Halafu pakaja hapo penye uhusiano."

"Na hiyo bado?" mama wa udahili akauliza.

"Ni kwamba nilikuwa bado sijamwambia, mama."

Miezi saba Kengele aliisubiri sentensi hiyo, akaipanga kichwani kwa namna ishirini, na hakuna hata namna moja iliyokuwa na mbavu zake dirishani.

"Kwa hiyo mnajuana vizuri, na mmepanga," mama wa udahili akasema, akachukua kalamu nyekundu.

"Yeye hakupanga," Fundi akasema. "Nimechanganya mimi. Nilikuwa na haraka."

"Umechanganyia wapi?"

"Sijui, mama. Ila ni mimi."

Kalamu ikagusa karatasi.

"Ni feni," Kengele akasema.

"Feni gani?"

"Ya hapo ujiani. Fundi alikwenda kutoa kopi, akaniachia bahasha. Feni ikaanza kuzunguka, upepo ukawa mkali, zikaanguka, nikazirudisha vibaya. Ni bahati mbaya kabisa."

Mama wa udahili akavua miwani yote miwili, akaiweka mezani sambamba.

"Binti yangu. Feni ile haina waya. Iliungua kabla sijahamia ofisi hii. Nimeandika barua saba kuomba itengenezwe, na kopi zote ninazo kwenye kabati hilo. Unataka nikusomee?"

Hapa msomaji naye amevua miwani na ananitazama mimi.

Sawa. Hakukuwa na upepo. Feni haikuguna, na Hatima siku ile ilikuwa na shughuli zake kwingine. Vidole vilivyotoa picha moja na kuitumbukiza kwenye bahasha ya pili vilikuwa vya binti, na binti mwenyewe, yule niliyewaambia maskini, ni mimi. Nimejificha nyuma ya "yeye" sura nzima, kama nilivyojificha nyuma ya tangi la maji siku ya kengele, na pale pia nilikamatwa.

Nilimwambia yule mama yote, nikiwa nimesimama, na Fundi akisikia. Nilimwambia kuhusu ngazi za nyuma. Nilidhani bahasha hazifunguliwi. Nilidhani angefika nyumbani jioni, atoe picha, aone jina langu, na iwe lazima anitafute. Hivyo tu. Sikujua kuhusu watoto wa wodini. Sikujua kuhusu miaka mitatu.

"Iwe lazima," mama wa udahili akarudia.

"Ndiyo, mama."

Akaitoa picha ya Fundi kwenye bahasha yangu, akaibandika dirishani kando ya yangu. Akazikagua zote mbili kwa muda mrefu, mbavu kwa mbavu. Kisha akachukua mhuri. Du. Faili la Fundi likaingia kwenye rundo la kulia. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu nilipoingia.

"Sasa wewe," akaniambia. "Kwa nini unataka kuwa muuguzi?"

"Sijui, mama."

"Hapa pameandikwa wito."

"Huo ni wa mama yangu. Mimi sijui kama ninautaka uuguzi au ninamtaka yeye. Nimejaribu kuvitenganisha, nimeshindwa."

Mama wa udahili akanitazama kwa namna ambayo mpaka leo sijaielewa. Akatoa fomu mpya, nyeupe, akaniwekea mezani.

"Muhula huu sikuchukui. Awamu nyingine inafunguliwa baada ya miezi sita. Utaijaza hii kwa mkono wako, na utaniletea jibu lako, si la mama yako wala la kijana huyu. Na usiniletee wito. Tokeni kwa nyuma."

Fundi alishuka ngazi mbele yangu bila kugeuka. Alifika kwenye kona ya kwanza akasimama, mgongo bado kwangu.

"Ningefungiwa miaka mitatu."

"Najua."

"Kaka angefunua ile mashine ya vifungo leo hii."

"Najua, Fundi."

"Ungeniambia tu nikusubiri chini. Ningesubiri."

Katika mipango yangu yote halikuwahi kunijia wazo la kumwambia.

"Umekasirika?"

"Sana."

"Basi utaifuta ile bado."

"Hukusoma masharti? Fomu haifutwi." Akageuka. Alikuwa bado amekasirika, nililiona hilo wazi, na macho yake yalikuwa na kitu kingine kilichokaa pembeni ya hasira kikisubiri zamu yake. "Kuna lingine unataka kuniambia, kabla hatujafika chini?"

"Hakuna."

"Zile sketi zinakukaaje?"

"Vizuri sana. Tangu uzipunguze hazipwayi hata kidogo."

"Sikuzigusa."

Nikashika chuma cha ngazi.

"Nilizipima," akasema, akiuvua ule utepe shingoni na kuukunja kidole kwa kidole. "Zilikuwa sawa na wewe kabisa. Nikazipiga pasi, nikakurudishia."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Ulisema zinapwaya, nikaona labda una sababu zako."

Nyumbani nilikuwa nimezivaa mbele ya kioo, nikamgeukia mama kulia na kushoto, nikamwonyesha jinsi zilivyokaa sasa, nikamsifia mkono wa fundi. Simu ikaanza kulia mfukoni, na sikuhitaji kuangalia ni nani. Fundi alisimama ngazi mbili chini yangu akingoja, fomu nyeupe ikiwa mkononi mwangu, na hakukuwa na feni popote ya kusingizia.

Nakiri. Hazikuwahi kunipwaya. Hata ile ya kwanza.